Ligi Ikirudi

Juzi niliingia kwenye ukumbi wa michezo wa pale kazini kwetu nikamkuta mtu wa usafi anafuta mipira ya kikapu kwa maji yenye jiki. Harufu ile, jiki juu ya mpira wenye vumbi na jasho, ilinipanda puani, na kabla sijakumbuka chochote nilikuwa nimekwisha kukasirika. Nilisimama mlangoni nimekunja ngumi. Mtu wa usafi akaniomba radhi, akidhani amenizibia njia. Hasira ilitangulia, kumbukumbu ikafuata nyuma, na mpaka leo huo ndio utaratibu wake: sijawahi kumkumbuka mama mdogo bila kukasirika kwanza.

Sisi wa rika langu tuliokulia Texas tukikutana kwenye harusi hatukawii kuulizana ulikuwa wapi siku ligi ya kikapu iliposimama. Kila mtu ana kisa chake, na vingi vinachekesha. Mmoja alikuwa bafuni, mwingine alikuwa ameadhibiwa, kanyang'anywa simu. Mimi huwa naondoka kwenda kuongeza chakula. Kisa changu hakichekeshi.

Mimi nilikuwa ukumbini. Nilikuwa Dallas, viti vya juu kabisa ambako wachezaji wanaonekana wadogo kama vidole, na mkono wangu ulikuwa ndani ya mfuko wa koti la mama mdogo Rehema.

Rehema alikuwa mdogo wake mama, tumbo moja. Alipokuja Marekani alipokelewa na jamaa wa Houston, akaishi Gulfton, kwenye zile nyumba za kupanga zilizobanana, ambako jioni kila dirisha lilikuwa linatoa sauti ya mechi ile ile kwa lugha tofauti. Huko ndiko alikoipenda timu ya Houston. Baadaye akahamia kwetu Mansfield, akawa anasomea uuguzi huku anafanya kazi ya usaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Baba alikuwa shabiki wa Dallas. Nyumba nzima tulikuwa wa Dallas isipokuwa Rehema, na aliuvaa upinzani wake kichwani: kofia nyekundu ya Houston, hata mezani, mpaka mama amwambie aivue tusali.

Alikuwa mrefu. Aliwahi kucheza kikapu shuleni kwao Dodoma, na alikuwa anauona mchezo kwa namna ambayo watangazaji hawakuiona. Akirudi kazini nilimletea beseni la maji ya chumvi, akatumbukiza miguu, tukakaa kwenye kochi kuangalia. "Usiangalie mpira," alikuwa ananiambia. "Mpira unadanganya. Angalia miguu ya anayekaba." Kiswahili changu karibu chote nilikipata pale: kukaba, kudunda, kupenyeza, kupora. Nyumbani wazazi waliniongelesha Kiswahili, mimi nikajibu Kiingereza, kama watoto wote wa Mansfield tuliokuwa tunasali pamoja. Lakini kwa Rehema nilijibu Kiswahili, kwa sababu mpira kwa Kiingereza haukuwa na utamu. Kwa hiyo nilikuwa na Kiswahili cha uwanjani na Kiswahili cha jikoni. Cha msiba sikuwa nacho, na hakuna aliyejua kwamba sina.

Tiketi za siku ile alininunulia yeye, zawadi ya kuzaliwa, ingawa timu yake haikuwa inacheza. Robo ya tatu ilikuwa inaendelea, Dallas tunaongoza, nilipoona watu wa mbele yetu wameacha kuangalia uwanjani, wanaangalia mapajani mwao. Safu moja, kisha safu nyingine. Nuru za simu zikawaka kote ukumbini huku mpira unaendelea kudunda. Rehema naye akatoa yake, akasoma, akaivua kofia.

"Wanasimamisha ligi," akasema.

Nikamuuliza kama ni kwa sababu tunashinda.

Alitaka kucheka, cheko likaishia njiani. Akanieleza kwamba kuna ugonjwa, kwamba mchezaji mmoja wa timu nyingine kapimwa na kukutwa nao. Nikauliza, mmoja tu? Akasema mmoja tu. Nilikuwa mtoto na niliona ni jambo la ajabu kuzima kitu kikubwa namna ile kwa ajili ya mtu mmoja. Siku hizi naona walifanya sawasawa. Ndicho kinachonikera zaidi. Jioni ile niliona kwa macho yangu kwamba inawezekana: mtu mmoja akiugua, wenye mamlaka wanaweza kusema basi, fungeni, kila mtu aende nyumbani. Inategemea tu ni mtu gani.

Tulipokuwa tunatembea kwenda kwenye gari nililia kidogo. Rehema akanishika bega. "Wanasimama kwa muda tu, mama. Ligi ikirudi tutaangalia pamoja, mimi na wewe, kochi lile lile."

Nikamwambia aahidi, akaahidi.

Shule zikafungwa. Baba akaleta kompyuta zake kutoka ofisini Richardson, akazipanga chumbani, akawa anafanya kazi amevaa shati juu na kaptula chini. Mama, aliyekuwa anashika hesabu za kliniki moja, akahamia mezani pa kulia chakula. Nyumba ikajaa watu wanaoongea na skrini. Rehema peke yake ndiye aliyeendelea kutoka asubuhi na mkoba wake, na baada ya siku chache akasema haiwezekani atoke kule kwa wazee aje alale na sisi. Akahamia Arlington kwa Njeri, muuguzi Mkenya wa pale pale kazini kwake, wakawa wanalala wawili kwenye chumba kimoja.

Alikuwa anakuja kutuona siku za mapumziko, akisimama chini karibu na barabara, mimi juu karibu na mlango wa gereji palipokuwa na ringi yetu. Alinirushia mpira, nikarusha golini, nikamrudishia. Kabla haujanifikia ilibidi udundie ndani ya ndoo ya maji ya jiki ambayo mama aliiweka katikati, na mama mwenyewe alisimama pembeni na glavu za kuoshea vyombo, anaugeuza geuza mpira kama anaosha kichwa cha mtoto. Ulinifikia umelowa, unateleza, unanuka. Rehema aliona inachekesha. Alisema huu ndio mchezo wa kwanza duniani ambao refa anashika sabuni.

Barakoa yake ilikuwa imechoka, imeota manyoya kama soksi. Mama akamuuliza kwa nini habadilishi. Akasema wanapewa moja, mwisho wa zamu wanaiweka kwenye mfuko wa karatasi wenye jina, kesho wanaivaa tena, mpaka kamba ikatike. Wazee walikuwa wanakohoa, na siku nyingine kitanda kinakutwa kitupu, na hakuna anayewaambia kitu. Mama akamwambia aache kazi. Rehema akasema nani atawageuza wale wazee, nani atawalisha, na kibali chake cha masomo je. Mama akasema neno ambalo kila mtu alikuwa analisema wakati ule, kanisani kwa simu, kwenye televisheni, kwenye vibao vya majirani: akamwambia yeye ni shujaa.

Rehema akaudundisha mpira mara moja, akaukamata.

"Dada, mimi si shujaa," akasema. "Mimi nataka barakoa."

Hakuja wiki iliyofuata. Nilisikia kwa simu kwamba ana mafua, kisha kwamba amepelekwa hospitali Fort Worth. Mama aliongea naye chumbani, mlango umefungwa, na akitoka alikuwa ameosha uso. Mimi sikupewa simu. Waliona nitaogopa kumwona na mirija ya hewa puani. Huo ndio ulikuwa mtindo wa nyumba yetu na wa nyumba zote za watu wetu: mtoto asiogopeshwe, mtoto alindwe, mtoto aambiwe maneno laini. Maneno laini yamenidhuru kuliko maneno yote niliyowahi kuambiwa, na nitaeleza vipi.

Asubuhi moja baba aliingia chumbani kwangu, akaketi ukingoni mwa kitanda. Macho yake yalikuwa mekundu. Akanishika mkono akasema, kwa Kiswahili kizuri, taratibu, "Mama mdogo amepumzika."

Nikafurahi. Rehema alikuwa anafanya zamu mbili kwa siku, miguu inavimba, na kila mtu alikuwa anamwambia apumzike. Nikamwambia baba kwamba ni vizuri, alikuwa amechoka sana. Baba akanitazama kwa mshangao, akanikumbatia, akalia juu ya nywele zangu. Nikadhani ni furaha. Baadaye nikamsikia sebuleni akimwambia mtu kwenye simu kwamba mtoto amelipokea kuliko sisi watu wazima, kwamba imani ya mtoto ni kitu cha ajabu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Wao waliamini wameniambia, mimi niliamini nimeelewa.

Siku chache baadaye walivaa nguo nyeusi wakaondoka, wakaniacha na jirani aliyekaa nje kwenye kiti, barakoa usoni, anasoma. Waliporudi mama alisema wamemsindikiza mama mdogo. Kumsindikiza nilikujua. Tuliwasindikiza wageni uwanja wa ndege kila mara, tukawanunulia chokoleti za kupeleka nyumbani. Nikaelewa kwamba Rehema amekwenda kupumzika kwa bibi Dodoma, na nikaona wamenionea kutonichukua. Nilikuwa nimesikia ndege zimezuiliwa, basi nikajua hawezi kurudi haraka. Jioni ndugu walikusanyika kwenye kompyuta kusali, sala ndefu za Kiswahili cha kanisani, na kila mara walisema marehemu Rehema, marehemu Rehema. Kwangu yalikuwa maneno mawili yanayofanana, kama jina limekunjwa mara mbili kwa mapenzi. Nilidhani ni sifa. Nikatoka kwenda kurusha mpira peke yangu, nikaimba hivyo hivyo kwa mdundo: marehemu Rehema, marehemu Rehema. Mama alinisikia kupitia dirishani. Naye aliona ni imani.

Kisha ligi ikatangaza kwamba inarudi.

Wachezaji wote wangefungiwa mahali pamoja huko Florida, hotelini, pasiingie mtu pasitoke mtu, wamalizie msimu bila mashabiki. Watu wanauita msimu wa kihistoria, na kweli haujapata kuwapo mwingine kama ule. Mimi niliisikia habari hiyo kama ratiba ya ndege. Na ratiba ya mechi ilipotoka, mechi yetu ya kwanza ikawa Dallas na Houston. Timu yetu na timu yake. Sikuhitaji uthibitisho mwingine. Niliona kila kitu kimepangwa ili arudi.

Siku ya mechi nilisafisha sebule tangu mchana. Nilikung'uta mito ya kochi. Nilitengeneza bisi sufuriani mwenyewe, nikaunguza kiasi. Nikalileta beseni, nikaweka chumvi. Kofia yake nyekundu ilikuwa imebaki kabatini kwetu. Nikaitandaza upande wake wa kochi. Mama akatoka jikoni akaniona, akaniuliza beseni la nini.

"La mama mdogo," nikasema. "Ndege yake inafika saa ngapi?"

Mama alikaa chini hapo hapo alipokuwa, sakafuni, mgongo ukiegemea mlango wa friji. Baba akaja mbio. Televisheni ilikuwa imewaka, watangazaji wanazungumza kabla ya mechi, na nakumbuka walichokuwa wanakisema kwa sababu nilikiangalia ili nisimwangalie mama. Walikuwa wanaeleza kwamba kule hotelini kila mchezaji, kila kocha, kila mpiga picha, anapimwa kila siku. Walionyesha kijiti kinachoingizwa puani. Walikuwa wanajivunia.

Baba akachuchumaa mbele yangu. Akaniambia mama mdogo ametangulia. Nikamuuliza ametangulia wapi. Akasema ametangulia mbele za haki. Nikasema hiyo ni wapi, ni Dodoma? Akasema Mungu amempenda zaidi. Nikasema sawa, lakini mechi inaanza. Nilimwona akitafuta, akipekua maneno yote mazuri tuliyojaliwa kwa ajili ya siku kama zile, na hakuna hata moja lililofungua. Mwisho akaacha Kiswahili. Akalisema kwa Kiingereza, kwa neno lile fupi ambalo hata mtoto wa chekechea analijua.

Sikulia. Nililipiga teke lile beseni, maji yakaenda mpaka chini ya televisheni. Nikawaambia ni waongo. Nilisema wote wawili ni waongo na kanisa zima ni waongo, na mama akiwa bado sakafuni hakunikemea, na baba hakunikemea, na Houston na Dallas wakacheza mpaka muda wa nyongeza, sauti ya mashabiki ikitoka kwenye mashine kwa sababu hapakuwa na shabiki hata mmoja. Houston walishinda. Mtu pekee wa nyumba yetu ambaye angefurahi alikuwa amezikwa tangu majira ya kuchipua, na mimi nilikuwa nimempigia makofi akienda.

Sikuangalia tena. Baba alikuwa anaangalia peke yake, sauti chini, na nilimchukia kwa hilo mpaka nilipokuwa mkubwa. Nikawa sitaki kuitikia sala. Mtu akisema kwa simu kwamba Rehema alikuwa shujaa, nilikuwa natoka nje na kubamiza mlango.

Siku moja Njeri alikuja kuleta vitu vya Rehema, mabegi mawili na viatu vya kazini. Alisimama pale pale chini karibu na barabara alipokuwa anasimama Rehema, na mama akaniacha nikae kwenye ngazi, nadhani kwa sababu alikuwa amechoka kunificha. Mama akamuuliza ilianzaje. Njeri akasema Rehema alianza kusikia baridi kazini, akaenda kwa meneja kuomba apimwe.

"Wakamwambia test hakuna, dada," Njeri akasema. "Mimi nilikuwa hapo. Wakamwekea thermometer kwa paji la uso, wakasema bado haijafika ile namba, aendelee na shift. Akaendelea siku tatu. Siku ya tatu alikuwa anashikilia ukuta akitembea."

Mama akauliza kama walimpa hata barakoa mpya.

"Walituletea pizza," Njeri akasema.

Mama hakulia. Alibeba mabegi ndani, akayaweka, akaosha mikono, akarudi mezani kwenye hesabu zake. Mama yangu alikuwa mtu wa namna hiyo: mpole, wa kwaya, asiyeomba hata chumvi kwa jirani. Nilimwangalia akiandika tarakimu nikamdharau. Nilikuwa na miaka kumi na nilikuwa nimeshamdharau mama yangu mzazi, na hilo nalo naliweka kwenye deni la wenye nyumba ile ya wazee.

Ligi ikafika kwenye mtoano. Alasiri moja baba aliwasha televisheni, na kamera ikaonyesha uwanja mtupu. Saa inahesabu, mipira imepangwa kwenye kitoroli chake, waamuzi wamesimama, lakini timu moja haikutoka chumbani. Polisi wa jimbo lingine walikuwa wamempiga risasi mgongoni mtu mweusi, watoto wake wakiwa ndani ya gari, na wachezaji walikuwa wamekataa kucheza. Haikuwa kwenye ratiba. Hawakuomba ruhusa. Baadaye ikajulikana kwamba na mechi ya Houston ya siku ile haitachezwa, na nyingine zote.

Mama alikuwa anapita na nguo za kufua. Hakuwahi kuangalia kikapu maisha yake. Akasimama.

"Wako wapi?" akauliza.

Baba akamwambia wamegoma.

"Wamekatazwa?"

"Hapana. Wamekataa wenyewe."

Mama aliuangalia ule uwanja mtupu kwa muda mrefu, nguo mikononi. Sakafu ilikuwa inang'aa na hapakuwa na mtu juu yake. Kisha akaweka nguo chini, akaenda jikoni, akafungua droo, akatoa mkasi mkubwa wa kukatia kuku. Akachukua funguo za gari. Baba akamuuliza anakwenda wapi, akasema atarudi. Akanitazama mimi. "Vaa viatu," akasema.

Nyumba ile ya wazee ilikuwa jengo la matofali la ghorofa moja, nyasi zimekatwa vizuri, maua ya plastiki mlangoni. Na kwenye uzio wa mbele, kutoka nguzo hadi nguzo, palikuwa na bango refu la turubai, la buluu, maandishi meupe: hapa wanafanya kazi mashujaa. Mama aliegesha gari juu ya majani. Akashuka, akaenda moja kwa moja kwenye kona ya bango, akaanza kukata zile kamba za plastiki zilizolishikilia. Zilikuwa ngumu. Alikuwa anakata na kutweta, na mimi nilishika turubai lisimwangukie.

Nyuma ya madirisha wazee walikuwa wameanza kusogea. Mmoja, kwenye kiti cha magurudumu, alipiga kioo kwa kiganja, polepole, mara nyingi. Sikujua kama anatukemea au anatushangilia, na sijajua mpaka leo.

Meneja akatoka. Alikuwa mwanamke wa makamo, barakoa yake nzuri, mpya, yenye mikunjo. Aliongea kwa adabu. Akasema hiyo ni mali ya kampuni, akauliza kama anaweza kutusaidia. Mama akaacha kukata. Kiingereza cha mama kilikuwa cha ofisini, cha kunyenyekea, lakini siku ile kilitoka kama mtu mwingine anakisema. Akamtajia jina zima la Rehema. Meneja akasema anamkumbuka, alikuwa mtu mzuri sana, ni pigo kwao wote.

"Mdogo wangu aliwaomba kipimo," mama akasema. "Mkampa neno hili. Nimekuja kulichukua."

Meneja akaanza kueleza kwamba wakati ule vipimo havikuwepo popote nchini. Hapo ndipo nilipomwambia, mimi, mtoto, kwamba vilikuwepo. Kwamba kwenye televisheni kila mtu anapimwa kila siku ili warushe mpira. Akanitazama. Akasema, mpenzi, hayo ni mambo mawili tofauti. Na kusema kweli hakukosea. Kilichoniuma, na kinachoniuma hadi leo, ni kwamba alisema kama vile tofauti hiyo imeshushwa kutoka mbinguni, kama mvua.

Akatoa simu kuita polisi. Mlango ukafunguka nyuma yake, na Njeri akatoka na sare zake za kazi. Akapita mbele ya meneja, akaenda kwenye kona ya pili ya bango, akalishika, akalivuta kwa uzito wake wote mpaka nguzo ikalia. Kamba zikaachia. Tukalikunja watatu kama shuka kubwa, kona kwa kona, tukalisukumia kwenye buti ya gari. Polisi hawakutukuta. Njeri aliachishwa kazi wiki ile, akahamia Houston, na mama alipeleka malalamiko serikalini na hakujibiwa zaidi ya kuambiwa yamepokelewa. Nyumba ile ilibadilishwa jina na rangi ya mlango. Hakuna aliyeulizwa kitu.

Bango mama alilitupa kwenye pipa la takataka nyuma ya kituo cha mafuta, kisha hakugeuza gari kuelekea nyumbani. Aliendesha mpaka makaburini, mahali nisipopajua, tambarare, jua la Agosti linachoma na nyenje wanapiga kelele kwenye miti. Tangu siku ya maziko hakuwa amerudi. Tulitembea tukitafuta, na njiani akanisimulia kila kitu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, bila kulainisha: mashine, siku alipoacha kuongea, jinsi walivyosimama mbali na kaburi, jinsi bibi alivyoangalia kwa simu mpaka mtandao ukakatika. Kila aliposema amekufa, nilihisi kama mtu anafungua dirisha.

Jiwe lilikuwa bado. Palikuwa na kibao kidogo cha bati kilichochomekwa ardhini, na jina limeandikwa kwa herufi za kubandika. Mama akainama kulisoma, akanyooka. Walikuwa wameandika Rehama.

Mama akatukana; sijawahi kumsikia akitukana kabla ya siku ile wala baada yake. Akafungua mkoba, akapekua, akanipa kalamu ya wino mzito anayoandikia maboksi. Nikapiga magoti kwenye nyasi zilizokauka. Bati lilikuwa la moto, likaniunguza kiganja. Niliigeuza ile A ya kwanza kuwa E, lakini kalamu iliteleza kwenye bati, herufi ikatoka nene na ya kupinda, ikaonekana wazi kwamba imesahihishwa na mtu, na kwamba mtu huyo amekasirika.

"Koleza," mama akasema.

Nikakoleza.